Nyumba ya Siku Nane

Zimeni hiyo redio, wanangu, na wewe Cliff tia hiyo simu mfukoni, maana ninalotaka kusema sitalisema mara ya pili, na pumzi iliyobaki kifuani mwangu haijazi hata gorogoro moja la kupimia unga. Wesley, keti hapa mbele, wewe ndiwe kifungua mimba wangu. Phanice, usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae kitandani. Sikilizeni, na mtu asinikatize.

Miaka arobaini na mmoja nimekaa hapa Homa Bay, nikiwa nimetoka kwa Wakuria kule Kehancha. Baba yenu Barnabas hakujua Kikuria wala mimi sikujua Dholuo, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili cha sokoni, nanyi mkakinyonya pamoja na maziwa. Leo nitakitumia hichohicho, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba hakunielewa.

Daktari aliponirudisha nyumbani Jumatatu alisema nikapumzike, na nyinyi mkadhani sikuelewa. Mtu mwenye siku nyingi haambiwi hospitalini aende nyumbani akapumzike. Jumanne alasiri mkaketi nje ya dirisha hili lililozibwa kwa gunia, mkadhani nimelala. Sikulala. Nilikusikia, Wesley, ukisema, "Watu wa kazini kwangu watakuja, na mchungaji, na wakwe. Tutawapitisha wapi? Ndani ya kibanda hiki?" Na Cliff akajibu, "Tujenge chapuchapu, brathe. Vyumba viwili, mabati mapya, rangi tupige mbele tu. Siku nane mjengo umeisha." Kisha mkaanza kupiga bajeti. Nikasikia mabati, nikasikia mifuko ya simiti, nikasikia fundi wa kulala hapahapa ili kazi isichelewe. Na mwishowe, Wesley, ukashusha sauti, lakini gunia halizuii sauti. Ulisema, "Shida ni moja tu. Mama atafika mwisho wa mwezi? Mshahara unaingia tarehe ishirini na nane."

Niligeuza uso nikatazama ukuta.

Desturi ya hapa naijua. Mtu akifa bila nyumba ya maana hujengewa mbiombio kabla hajazikwa, ili waombolezaji wasilicheke boma lake. Siwalaumu kwa desturi. Kilichonichoma ni kwamba kwa muda wa saa moja, mkiwa mmekunja miguu kwenye nyasi, mliahidiana laki nne na nusu. Saa moja, wanangu! Na miaka sita nzima nimekuwa nikipiga simu msimu wa mvua, nikisema paa linavuja juu ya kitanda, nanyi mnaniambia, "Mama, vumilia, hakuna kitu." Kumbe kitu kilikuwepo, kilikuwa kikingoja macho ya wageni.

Sasa niwaambie habari ya nyumba yangu, kwa sababu mnaijua nusu nusu, kila mmoja ile nusu inayomtetea.

Baba yenu alipofariki, mabati ya nyumba hii yalikuwa yameshaanza kuoza, na mimi sikuwa tayari kuungoja ukuta ulale. Nikamwita Gisiri, fundi wa kwetu, mtu wa maneno machache. Alikuja na daftari la shule na kalamu ya risasi. Akaniambia, "Mama Wesley, nyumba hujengwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa kalamu. Kalamu ikikosea, mwiko utakosea zaidi." Akaniuliza hapa analala nani. Nikamjibu ninalala peke yangu, watoto huja Desemba. Akasema, "Basi tujenge nyumba ya mtu mmoja na wageni wa Desemba." Vyumba vitatu. Tukaketi kutwa nzima. Mawe ya msingi, mchanga, kokoto, matofali, mbao, milango, kazi ya mikono, hata unga na maharagwe ya vibarua aliandika, hata mapipa ya maji. Jumla ikaja laki saba na elfu sitini. Nikadhani tumemaliza. Gisiri akapiga mstari, akaongeza elfu sabini na tano, akaziita pesa za mvua. Nikamwuliza, "Mvua ipi?" Akasema, "Ile ambayo hujaiona. Lori litakwama, bei itapanda, fundi ataugua. Asiye na pesa za mvua ajenge zizi la kuku."

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini karatasi ile niliielewa kuliko mahubiri. Miaka mitatu nikachukua omena, hizi dagaa za ziwani, kule Mbita na kuziuza Migori, na kila Alhamisi nikirudi nilishuka Homa Bay mjini, nikaingia duka la Abdihakim la vifaa vya ujenzi, nikaweka nilichonacho, siku nyingine mia tano, siku nyingine elfu tatu. Yule kijana si wa dini yangu wala wa kabila langu, ametoka mbali kuja kutafuta riziki, na hakunipunja hata msumari. Mabati thelathini na manane alininunulia bei ikiwa chini, akayahifadhi stoo kwake bila kunitoza. Simiti alinikataza. "Mama, simiti inunue mwisho, ikikaa itageuka jiwe." Mbao nikazikausha hapa jikoni. Haba na haba. Nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja tu.

Ndipo ulipokuja, Wesley, umepandishwa cheo, umevaa viatu vya kuchongoka, na mchoro umekunjwa kwapani. Ulitandaza ule mchoro juu ya meza ya baba yako, ukalitazama daftari la Gisiri, ukacheka. Ukasema, "Mama, hii ni nyumba ya muuza omena. Wewe sasa ni mama wa meneja." Vyumba kumi. Ngazi ya ndani. Nikakuuliza, "Bajeti yake iko wapi?" Ukasema, "Tutaongezea mbele kwa mbele." Gisiri alikuwa ameketi palepale ulipoketi wewe sasa. Akasema neno moja, kwa heshima. "Kijana wangu, msingi huu utaila nyumba." Ukamfukuza. Siku tano alikuwa amechimba msingi wa nyumba yangu, na hukumlipa hata moja.

Na msingi ukaila nyumba. Mabati yangu ukayarudisha dukani ili tupate mawe, mbao zangu ukaziuza ili tupate kokoto, na akiba yangu yote, ukiacha pesa za mvua, ikashuka ardhini, lori baada ya lori, mpaka tukamwaga zege la sakafu ya vyumba kumi, na hapo ukasema kazini mambo yamebana kidogo. Kidogo hicho kina miaka sita. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Wapangaji wa nyumba ya mama wa meneja ni mbuzi wa jirani, wanaota jua pale sebuleni.

Lakini wosia si mahali pa kumsema mtu mmoja. Mimi pia nilipenda. Ndiyo, nilipenda! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilitembea juu ya lile zege nikiwaonyesha akina mama wa kanisa, hapa nitalala, hapa mjukuu atasomea, na ndani ya moyo nilijua Gisiri alisema kweli, nikanyamaza kwa sababu ilikuwa tamu kusikia watu wakishangaa. Dhambi hiyo ni yangu, nitakwenda nayo.

Zilibaki zile elfu sabini na tano za mvua, nilizifunga kwenye leso nikaapa sizigusi. Nawe Cliff ukaja mbio kutoka machimbo ya Osiri, mavumbi ya dhahabu kwenye kope. "Mathe, nipe hizo, shimo limeonyesha mshipa, wiki mbili nakuja na paa lote." Nikakupa. Maji yakaingia shimoni, na namshukuru Mungu yalizamisha pesa, hayakukuzamisha wewe. Ulirudi ukilia, ukalala miguuni pangu, nikakusamehe kabla machozi hayajakauka. Wesley, wewe hujawahi kulia mbele yangu. Hujawahi hata kusema, "Mama, nilikosea hesabu." Neno hilo lingenitosha kuliko vyumba kumi.

Nipeni maji kidogo. Hapo, yatosha.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi. Phanice aliporudi kutoka kwa mumewe, mkono umevunjika na watoto wawili nyuma yake, Wesley ulisema binti aliyeolewa hana kitanda bomani kwa babake. Nami mama yake sikusema lolote. Niliogopa ukoo, na niliogopa watoto wale wasije wakala zile pesa za kwenye leso. Nikampa jiko. Nilimlaza mwanangu penye moshi, hatua kumi kutoka kwenye msingi wa vyumba kumi. Na leo ni nani ananigeuza? Ni nani ananiosha, ananitafunia chakula kama kinda? Phanice, mwanangu, hili nalisema mbele ya ndugu zako: nilikukosea.

Basi shikeni haya. Sitaki nyumba ya siku nane. Nikifa, niwekwe humuhumu, chini ya paa hili hili, na wageni wapite mlango huu, na mvua ikinyesha iwanyeshee. Msitandike turubai juu. Nizikeni kando ya Barnabas.

Gisiri yuko hai, amezeeka. Mlipeni siku zake tano kwa bei ya leo, na Wesley uende wewe mwenyewe, usitume mtu wala simu.

Ile ploti ya njia panda niliinunua kwa omena, si ardhi ya ukoo. Nimeshaihamishia jina la Phanice, na hati iko kwa Abdihakim, amepewa amri asimpe mwingine. Mliahidiana laki nne na nusu za kumjengea mama yenu. Jengeni, lakini mjengeeni dada yenu. Vyumba viwili na jiko la nje. Gisiri awapigie hesabu, aweke na pesa za mvua. Msingi ule vunjeni, mawe yote yaende kwa Phanice.

Wesley, unasemaje? Sema kwa sauti.

Eti, "Mama, ukoo utasema nini?" Mwanangu, ukoo ulikuwepo paa lilipokuwa likivuja, na haukusema kitu. Uache unyamaze tena.

Phanice... nyanyua kichwa changu. Hivyo.

Nawabariki nyote. Hata wewe, Wesley, baraka si mshahara, haingoji tarehe. Mkono wako... ulete hapa. Mikono ya baba yako hii. Mungu awape watoto watakaowauliza mnataka nini wakati bado mnaweza kuwajibu. Awape chakula, awape... Cliff, usilie, utanikatiza. Awape kupendana, nilishindwa kuwafundisha hilo, nilikuwa barabarani na omena. Mnisamehe. Nami nimewasamehe... karibu yote. Yaliyobaki nitamalizana na Mungu.

Hapana, msipige magoti. Nyundo kubwa iko nyuma ya mlango. Msingoje nife, wala tarehe ishirini na nane. Nendeni sasa, nyote wawili, jiwe la kwanza ling'oke nikiwa bado nasikia. Toeni gunia hilo dirishani... Nendeni. Phanice, wewe baki.