Dakika Kumi na Nne za Somo la Kwanza

Basi la kutoka kanisani lilikuwa halijafika hata kituo cha pili, mwalimu wa kwaya akamgeukia fundi cherehani. "Dada, somo la aya sita tu, umesoma dakika kumi na nne! Kwaya yangu imekosa muda wa kuimba. Utuombe radhi basi."

Abiria wa nyuma wakatega masikio, kana kwamba nauli yao ililipia na hayo.

Fundi alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Miaka ishirini alimsihi Mungu atume mwingine wa kusoma. Leo alipanda mimbarini, akasoma mpaka neno la mwisho.

"Mwa-mwalimu, Mungu kanishika mkono, ni-nikasimama."

"Na wimbo wetu je?"

Basi likasimama. Fundi akainuka, kifua mbele. "Jumapili ijayo na-nasoma tena. Radhi si-siombi."