Seva Mbili, Ghala Moja: Tunataka Kinga Yetu Iwashwe

Mgeni rasmi, leo umepita mlango wetu ukiangalia saa. Mara ya mwisho uliupita ukiangalia simu. Tumezoea kupitwa, lakini sasa utatusikiliza, maana zamu ya kusema ni yetu.

KARIBU

Karibu hata hivyo. Sisi ni mafundi wa chumba cha seva cha hospitali hii, kile chumba baridi nyuma ya maabara ambacho wagonjwa wanadhani ni mochwari.

KAZI YETU

Tuna seva mbili zinazotumia ghala moja la kumbukumbu za wagonjwa. Tumezibandika majina ya wake wenza, Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na jiko lao ni moja. Bi Mkubwa akizirai, Bi Mdogo anashika mwiko, kazi inaendelea, na mgonjwa hata hajui. Kati yao kuna waya wa kujuliana hali. Ukikatika, kila mmoja anaamini mwenzake amekufa. Wote wanaingia jikoni na kutia chumvi sufuria moja.

Ndiyo maana tulifunga kinga. Kabla wa pili hajagusa ghala, kinga inamkatia wa kwanza umeme na kumnyang'anya ufunguo. Ikishindwa, wa pili haingii ng'o.

HATUJASAHAU

Siku ya ufunguzi wa chumba hiki ulikuwepo. Mpiga picha wako alijikwaa kwenye waya ule, kinga ikafanya kazi yake, skrini nyuma yako ikawa nyeusi kidogo, kisha ikarudi. Hakuna kumbukumbu hata moja iliyopotea. Lakini watu walicheka, nawe ukanuna. Meneja wa hospitali akatujia juu: "Mtambo wa kuzima mitambo? Mmeona wapi? Uondoeni!" Ukaitikia kwa kichwa. Tukaizima kinga.

YALIYOTUKUTA

Waya ukaja kulegea tena. Safari hii hapakuwa na wa kuzizuia, seva zote mbili zikaandika ghalani kwa pamoja. Katika wodi ya wazazi mama mmoja alikuwa anavuja damu baada ya kujifungua. Skrini ya wodini ikasema damu yake ni kundi B, ya maabara ikasema O.

Mkunga tunayemwita Shangazi akapiga kelele: "Jamani, mtu anaweza kuwa na majina mawili, lakini damu mbili? Mpimeni upya, kimbieni!"

Anayekusomea risala hii alikuwa mbele ya seva, akizizima kwa mkono, asijue mama yule ni mdogo wake wa tumbo moja. Alipoambiwa, alikaa sakafuni na bisibisi yake, akampigia Shangazi.

"Inuka, kaka," Shangazi alimwambia kwenye simu. "Amepewa damu sahihi. Anadai chai, na hasira anazo zilezile za kwenu."

TUNAYOJIVUNIA

Hatukukaa kulia. Tumerejesha kumbukumbu kutoka kwenye nakala, wauguzi wakilinganisha nasi faili kwa faili. Kinga tumeijaribu upya kwenye seva za mazoezi: tulichomoa waya kusudi mbele ya wakunga na madaktari, na kila mara aliingia mmoja tu. Walipiga makofi. Shangazi akasema, "Kumbe ndoa hii inawezekana!" Inawezekana, mgeni rasmi. Tumeiona kwa macho yetu.

OMBI

Lakini kwenye seva zinazobeba wagonjwa, kinga bado imezimwa kwa sababu ya kichwa chako kile kilichoitikia. Hatuombi kompyuta mpya wala posho. Tunaomba kinga irudi. Na siku skrini ikizimika kidogo mbele ya wageni wako, usione haya. Waambie ghala lao liko salama.

Mungu akupe afya, awape na walio wodini sasa hivi, ambao damu yao imeandikwa katika ghala lisilo na mlinzi. Fundi wa zamu yuko kwenye swichi, anatusikia. Kabla hujakaa, shika kipaza sauti useme neno moja: "Washeni."

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Seva