Siku Niliyobaki Mpaka Kaburi Likajaa

Bwana asifiwe, wapendwa. Naona mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa. Usiogope, mwenyekiti, leo sina kampeni. Nimesimama kwa sababu kuna wageni hapa wanaonijua kwa mabango tu, na wanajiuliza huyu mzee anatafuta nini kwa kikundi cha watu wa kuchimba makaburi.

Nilizaliwa hapa Bondeni, kwa zile nyumba za kaunsil. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nikiwa kijana mlinichagua diwani, mkanirudisha, mkanirudisha tena, mpaka madiwani wakaisha tukaanza kuitwa MCA, na bado mlinirudisha. Kuna watu hapa walizaliwa nikiwa mheshimiwa, wakaoa nikiwa mheshimiwa. Nje ya geti langu kulikuwa na benchi ya mbao. Kabla jua litoke ilikuwa imejaa: huyu mtoto wake amekosa shule, yule maji yamekatwa, mwingine amekuja tu kunywa chai. Mama watoto alikuwa anapika chai kwa sufuria kubwa ya sherehe. Nilikuwa nalalamika ati sipati nafasi hata ya kunyoa ndevu.

Kwanza mama watoto akanitoka. Tulimzika Jumamosi, na Jumatatu benchi ikajaa kama kawaida, hata sikupata muda wa kulia vizuri. Halafu uchaguzi ukaja, kijana mmoja akanishinda. Sitasema niliibiwa kura. Mlininyoa bila maji, na mnacheka kwa sababu mnajua ni ukweli.

Ndugu zangu, sikuumia siku ile. Niliumia baadaye. Watoto wangu wako ng'ambo. Nilikuwa naamka alfajiri, navaa suti, nafunga tai, halafu nakaa sebuleni. Nje hakuna mtu. Nilipika chai kwa ile sufuria kubwa, kwa mazoea, nikaimwaga jioni. Kesho yake nikapika tena. Kuku wa jirani wakaanza kutaga chini ya benchi. Simu ikanyamaza hata nikadhani imeharibika, nikaenda kwa mama wa duka nikamwambia, "Hebu nipigie." Akanipigia tukiwa tunaangaliana. Ikalia vizuri. Nilinunua mkate nisiouhitaji, nikarudi nyumbani.

Nilikuwa mpweke, wacha niseme tu hivyo. Kuna siku niliomba Mungu anichukue, halafu nikaogopa nani atakuja kunizika.

Ndipo akafariki mzee mmoja wa kule Kariandusi, mtu aliyenipigia debe tangu mwanzo. Gari nilikuwa nimeuza, kwa hivyo nikapanda pikap ya kanisa. Kufika, miguu ikanipeleka yenyewe kwa hema la mbele. Dada mmoja wa kupokea wageni akanifuata kwa heshima. "Mzee, samahani, hii ni ya waheshimiwa. Nikutafutie kiti kule nyuma?" Nikaenda nyuma. Lakini hotuba nilikuwa nayo kichwani, imeiva. Mfawidhi akaita huyu, akaita yule, akamwita yule kijana aliyenishinda. Kila akishika maikrofoni mimi natengeneza tai. Hakuniita.

Mnajua desturi yetu wanasiasa. Ukishasalimia watu, unapita katikati ukipungia mkono, unaingia gari, unakimbilia mazishi mengine. Siku hiyo magari yakaondoka hivyo hivyo, vumbi jeupe la Kariandusi likatufunika sisi tuliobaki. Na mimi nikatafuta dereva wa pikap ili niende zangu. Nikampata ametoa koti, yuko juu ya kaburi na koleo.

Basi ikabidi nisimame hapo. Wapendwa, nimeenda mazishi yasiyohesabika katika maisha yangu, na sikuwa nimewahi kuona kaburi likijazwa mpaka mwisho. Hata la mama watoto, wakubwa waliokuja walikuwa na haraka, wakanichukua katikati yao tukasindikizana mpaka kwa magari. Sikujua kuwa mtu akichoka hasemi, mwingine anakuja tu anachukua koleo mkononi mwake. Jamaa mmoja mbele yangu akachoka. Akageuka, akanipa koleo bila kuangalia ni nani.

Nilishika. Nikachota kwa fujo, pumzi ikaniishia mara moja. Dereva akasema, "Pole pole mzee, huyu haendi mahali." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu machozi yakaja, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa namlilia mama watoto. Mwingine akaja akachukua koleo, nikapumzika, nikarudi tena. Suti ikawa nyeupe yote.

Akina mama walipomaliza kupanda maua, mjane akatuletea maji ya kunawa. Akaniangalia sana. "Mheshimiwa, miaka yote unakujanga mazishi yetu. Leo ndiyo umebaki." Akanipakulia githeri yeye mwenyewe, tukala tukiwa tumekaa kwa nyasi.

Siku chache baadaye simu yangu ikalia. Ni dereva. "Mzee, kuna mazishi Mau Narok Jumamosi. Kule udongo ni mzito, tunahitaji watu. Utakuja?" Nikangoja aniombe kitu kingine, nimezoea. Hakuna. Alikuwa anataka mikono tu. Nilijibu ndiyo haraka mpaka nikaona aibu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia hapa. Asante dereva, uko hapo nyuma, usijifiche. Asante mama wa Kariandusi. Asanteni nyinyi mnaonipigia simu hata kuniuliza tu nimekula nini. Ile benchi nimeileta, ni hiyo wamekalia wageni. Kama kuna aliyefika leo na nyumba yake imenyamaza, nakuambia ndugu yangu, usingoje kuitwa mbele. Nenda pale watu wanafanya kazi, usimame karibu. Koleo itakufikia.

Na mimi nina ombi moja, halafu nakaa chini. Siku yangu ikifika, waheshimiwa watakuja, na maneno watasema mazuri. Waacheni waseme, waende. Nyinyi msiondoke.