Siku Mama Faili Alipotuacha Midomo Wazi

Ijumaa ijayo, tarehe 29, saa tisa na nusu alasiri, Mama Faili atakabidhi funguo za chumba cha kompyuta na kustaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika hospitali yetu. Tangazo lilipobandikwa ubaoni, sisi wa idara ya mionzi tulilisoma mara mbili mbili. Tulikuwa tumesahau kabisa kwamba naye huzeeka.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, akahamia masjala, na huko ndiko alikopata jina lake. Ukimtajia mgonjwa aliyetibiwa miaka kumi nyuma, alikwambia rafu ya ngapi na jalada la rangi gani. Daktari mmoja aliwahi kutaka kuondoka na faili nyumbani. Mama Faili alimfuata hadi maegeshoni, akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni, mpaka faili likatolewa. Tangu hapo madaktari wetu hupekua mikoba yao kabla ya kuaga.

Kwa miaka kumi na tisa tulidhani tunamjua. Kumbe wapi!

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Kompyuta ya kupangia tiba ya mionzi ilikuwa na mifumo endeshi miwili: mmoja wa barua na ripoti, mwingine wa mipango ya matibabu, yaani kipimo cha kila mgonjwa na mahali hasa pa kukielekeza. Kila ukiiwasha, ilikuuliza unataka kuingia upi. Mwishoni mwa wiki mfumo wa kwanza ulikuwa umejisasisha wenyewe, na asubuhi ile kompyuta haikuuliza kitu. Ikaingia moja kwa moja kwenye barua. Mfumo wa pili haukuonekana, wala mipango ya wagonjwa thelathini na wanne. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi minne nyuma, na benchi la nje lilikuwa limeshajaa. Mkuu wa idara akaagiza fundi.

Fundi wa kukodi akaja, akabonyeza hapa na pale, akatoa hukumu: diski imeharibika, ifutwe, tuanze upya. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe Mama Faili alipoingia na rundo la majalada.

"Toa mkono hapo, baba," alisema. "Hakijafutika kitu. Huo mfumo wa kwanza umejitia mbele, basi."

Tulitaka kucheka. Mama wa masjala! Lakini alikuwa ameshatoa flashi kwenye mkoba wake, akaiwasha kompyuta kwa hiyo, akatuonyesha sehemu za diski: zote zipo, nzima. Kwanza alinakili mipango yote kwenye diski ya nje. Ndipo akairudisha ile programu inayouliza uingie wapi, akaipandisha juu kwenye mpangilio wa kuwashia, akazima, akawasha. Majina mawili yakatokea. Mkuu wa idara akapiga kigelegele, akachagua la pili. Kioo kikawa cheusi, kimejaa maandishi ya makosa.

Mama Faili hata hakupepesa macho. "Yule wa kwanza hajazimika sawasawa," alisema. "Amelala mang'amung'amu huku ameng'ang'ania sehemu ya diski wanayoitumia pamoja."

Akaingia kwenye mfumo wa kwanza, akauondolea tabia hiyo ya kusinzia, akauzima kikweli, akawasha tena. Saa nne na dakika kumi mgonjwa wa kwanza aliitwa ndani.

Fundi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo: "Mama, umejifunzia wapi?"

Jibu lilitushtua zaidi. Kaka yake, mwalimu wa hesabu, alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, akaacha kompyuta ya mifumo miwili iliyokataa kuwaka. Humo alikuwa amejirekodi, wiki baada ya wiki, akizungumza na wanawe wakati anaugua. Mafundi wawili walimshauri dada mtu afute kila kitu. Alikataa. Alitafuta vitabu vikuukuu, akajifundisha kila atokapo kazini, miezi minane, hadi siku mfumo ulipofunguka na sauti ya kaka yake ikajaa sebuleni. Miezi yote hiyo tulishinda naye kazini, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kwa nini macho yake ni mekundu. Hilo linatuuma mpaka leo.

Mwezi uliofuata alihamishiwa kitengo cha kompyuta, akaishia kuwa mkuu wake. Fundi yule aliomba kufundishwa naye, na hajaondoka tena.

Juzi kamati ya zawadi ilimuuliza anataka nini, ikitegemea kusikia kochi. Akaomba mwalimu wa kuogelea! Ana miaka sitini na hajawahi kuingia majini kupita magoti. Katibu wa kamati alidondosha kalamu.

Asante, mama yetu, kwa kila jalada na kila mgonjwa aliyeitwa ndani kwa sababu yako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na maji yasiyozidi kifua.