Faustina Kalinga wa Mabango na Nyimbo, 1981–2025

Ndugu waombolezaji, karatasi ya wasifu kama hii marehemu ndiye aliyekuwa akiiandika. Katika misiba mingi ya hapa Ilomba wafiwa walikwenda kwake, naye aliwauliza kwanza swali moja: "Alikuwa anachekeshwa na nini?" Leo kalamu nimeishika mimi, mdogo wake Liberatus, na mkono haujaamini.

Faustina alizaliwa tarehe 14 Aprili 1981 katika kijiji cha Idodi, mkoani Iringa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Mzee Anania Kalinga na marehemu mama yetu, Paskalina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, kisha sekondari mjini Iringa, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1999. Madaftari yake ya hesabu yalijaa picha za kuku na za walimu.

Mwaka 2000 alijiunga na chuo cha uuguzi, kwa kuwa baba alitamani sana awe nesi. Baada ya mwaka mmoja aliacha, akahamia Ilula kuchora mabango ya wauza nyanya. Baba alisema, "Kupaka rangi si kazi," na kwa miaka mitatu hakuzungumza naye. Huko Ilula mama mmoja aitwaye Frida alimrudishia bango lake. "Dada, umechora nyanya nzuri kuliko zangu, wateja wananicheka. Hebu weka doa hata moja." Faustina akaweka doa.

Pasaka ya mwaka 2004, kanisani Idodi, baba alisikia wimbo mpya akauliza umetungwa na nani. Wanakwaya wakamwambia, "Ni mwanao, mzee." Kesho yake alipanda basi hadi Ilula, akamkuta juu ya ngazi.

"Wimbo ule uliuweka wapi siku zote hizo?"

"Nilikuwa nao, baba. Sisi tu tulikuwa hatuongei."

Siku hiyo walikula pamoja.

Tarehe 8 Oktoba 2005 alifunga ndoa na Lugano Mwakatobe, dereva wa lori la nyanya. Lugano alikuwa amemwomba aandike jina la mama yake nyuma ya gari, kisha akarudi mara tatu kudai kuwa herufi moja imekaa vibaya. Wakahamia hapa Ilomba. Faustina alitunga nyimbo za kwaya zaidi ya arobaini, akachora mabango ya saluni na mabucha, na kuandika hadithi ambazo hazikuchapishwa. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alijibu, "Nisipoandika siku mbili nakuwa mkali nyumbani. Muulize shemeji yako."

Kwa kawaida hapa huelezwa ugonjwa. Hatuna ugonjwa wa kueleza. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa moja asubuhi, alinipigia simu kunisimulia jambo la kuchekesha. Nilikuwa na haraka, nikamkatisha, nikamwambia atamalizia jioni. Saa nne alikuwa akichora ukuta wa darasa la chekechea. Alishuka kwenye ngazi, akasema kichwa kinamuuma, akaomba maji. Mwalimu aliyekwenda kuyaleta aliporudi alimkuta amelala chini. Hospitalini daktari alitueleza kuwa mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Saa sita mchana alifariki dunia, akiwa na miaka 44. Rangi ya ukutani ilikuwa haijakauka.

Ameacha mume, Lugano; watoto wawili, Eveline na Dastan; wadogo zake, Didas na mimi; na baba, Mzee Anania, aliyefika jana kutoka Idodi na bado anatuuliza kama tuna hakika.

Kwaya itaimba wimbo aliokuwa akiwafundisha Jumapili iliyopita. Aliwafundisha beti mbili. Ubeti wa tatu tumeukuta kwenye daftari lake, maneno tu, sauti ya kuuimba hakuiandika. Eveline atausoma.

Mungu ampokee dada yetu, ampe pumziko lenye amani.