Msalaba wa Mtu Aliye Hai

Tegeni masikio, wana wa Ifakara, ninyi mliobatizwa nanyi mnaosali msikitini. Tulieni kama siku ya Ijumaa Kuu, niwaambie yaliyosemwa leo asubuhi kwenye gogo la Tadei muuza kahawa. Joto la Desemba linangoja mvua, na hakuna aliyekaa akatulia. Kesho inatimia miaka kumi tangu askari wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza, walipovuka mto Chindwini kule Bama kupigana na Mjapani, nasi tulikuwa tukigombania nani ataweka shada la maua kwenye msalaba wa Hermenegildi. Kaburi lile halina mtu. Habari ilifika kwamba amezama mto ule, tukamlilia, tukanyoa nywele, tukaondoa matanga; vita ilipokwisha, akarudi kwa miguu yake. Na desturi yetu ni hii: aliyekwisha kuliliwa harudi kwenye sahani ya watu mpaka jirani mmoja aanze kula naye. Hakuna aliyeanza. Hermenegildi anavua samaki mtoni, anakula peke yake.

— Shada naweka mimi, alisema Marselino, tunayemwita Redio. Nilimlilia kuliko wote.

— Ulililia pombe ya matanga, akajibu Polikarpo, ambaye kwa kupenda kuamuru tunamwita Gavana.

— Kwa nini asiweke mwenyewe? akauliza Tadei.

— Mwenyewe yupi? Hermenegildi alibaki Bama, akasema Redio. Huyu ni Mjapani. Wana dawa ya kubadili rangi.

— Mjapani anayetukana kwa Kipogoro? akauliza Tadei.

— Walimfundisha kambini. Halafu, nimemtazama saa sita mchana. Hana kivuli.

— Saa sita hata wewe huna, bwana.

Redio akasimama, akakaa, akasimama tena.

— Basi nielezeni kwa nini samaki wanamfuata yeye tu. Alizama mto wa kule, akaibukia mto wa huku. Mito yote imeungana chini.

— Hapo umenena, akasema Gavana.

Ndipo akafika Domitila, dada yake Hermenegildi aliyeolewa Sanje, na kapu kichwani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Asanteni. Kaka ana homa tangu Jumapili. Nimempikia wali, hataki. Anasema amechoka kula peke yake kama mbwa, na hatatia tonge mdomoni mpaka aje mwenzake. Mimi ni damu yake, sihesabiwi. Nauliza tu: nani kati yenu atakuja kula naye?

Gavana akatazama barabara. Redio akanywa kikombe kisicho na kitu. Tadei akainamisha birika. Yakatoka matone mawili, kisha mashapo.

Ndugu zangu, Lazaro alipotoka kaburini, Bwana aliagiza afunguliwe sanda, na baadaye Lazaro akaketi mezani pamoja na watu. Hakuna aliyemchunguza kivuli. Sisi tuna askari aliyerudishwa na Mungu kutoka kinywani mwa vita, nasi kila mwaka tunamfunga sanda upya, tunaiita heshima. Mikono isiyoogopa kufyeka majani kwenye kaburi tupu inaogopa sahani ya wali. Najua hofu yenu si ya ukatili. Ni hofu ya mtu anayengoja mwenzake atangulie. Lakini mgonjwa hajala, na Domitila bado amesimama pale kwenye gogo. Wekeni shada chini. Kang'oeni ule msalaba. Naweni mikono, twendeni tukale.