Ardis Solbakken na Barua Mia Mbili Tisini na Moja

Tunayemlaza leo ni Ardis Jorunn Solbakken, binti wa Ingvald na Sigrun Tveit, mjane wa Merle, mama wa Marit na wa marehemu Torvald. Alifariki tarehe 11 Februari 2019, lakini ardhi ya makaburi yetu ilikuwa imeganda, na familia ikaona heri kungoja Aprili kuliko kumlaza mbali na watu wake. Maneno haya yameandikwa na binti yake Marit. Sehemu moja ndani yake imeandikwa kwa amri ya marehemu mwenyewe, tutakapoifikia mtaitambua.

Ardis alizaliwa tarehe 9 Septemba 1944 katika nyumba ya wazazi wake, Bonde la Halvor, magharibi mwa Wisconsin, akiwa mtoto wa nne kati ya watano. Mzee Ingvald alikamua ng'ombe kumi na wanane kwa mkono na nyumbani alizungumza Kinorwe. Kiingereza chake kilimtosha dukani na kanisani, lakini kwenye karatasi kilimshinda. Kwa hiyo Ardis, tangu alipojua kushika kalamu, ndiye aliyeandika barua zote za nyumba ile.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa juu ya kilima, mahali ambapo leo kuna ghala la Pladsen. Mwaka 1955 mafuriko yalibomoa daraja la kijito, na gari la maziwa likawa linazunguka maili tisa kila asubuhi. Ardis, akiwa na miaka kumi, aliandikia halmashauri ya wilaya. Alieleza maili, alieleza maziwa yanayoharibika njiani, na akamalizia kwa kuuliza ni lini hasa mafundi watakuja, ili baba yake ajue. Walikuja Agosti. Mzee Ingvald alimpandisha kwenye lori, wakalivuka daraja jipya wakaenda wakarudi, kisha wakalivuka tena. Toka siku hiyo Ardis aliamini kwamba kiongozi ni mtu aliyeajiriwa, na kwamba ukimwandikia vizuri, lazima akujibu. Imani hiyo ilimpa furaha chache na majonzi mengi, wala hakuiacha. Alimaliza sekondari mwaka 1962, wa tatu katika darasa la watu ishirini na sita.

Baada ya shule alifanya kazi katika kiwanda cha jibini, na huko ndiko alikomfahamu Merle Solbakken, kijana aliyeleta maziwa kila siku na hakusema neno kwa muda wa miaka miwili. Posa yake ilitoka chini ya trekta bovu, viatu tu vikionekana. Alisema, "Ardis, ukinipa hiyo spana, na ukikubali nikuoe, nitashukuru kwa yote mawili." Alimpa spana kwanza. Jibu la pili alimngojesha hadi Jumapili. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 18 Juni 1966. Mungu akawajalia Torvald, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1970, na Marit mwaka 1973.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa tarishi wa posta vijijini, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na saba. Njia yake ilikuwa ya maili sitini na nane na masanduku mia nne na kumi na mawili. Wengi wenu mnakumbuka ile asubuhi ya mwezi Mei ambapo katoni ya vifaranga wa Gladys Pladsen, walioletwa kwa posta, ilipasuka ndani ya gari. Ardis hakusimama. Alimaliza njia nzima na vifaranga mapajani, mabegani na juu ya dashibodi, na watu waliokuja kuchukua barua zao walizipokea zikiwa zimechafuliwa kidogo. Alipofika kwa Gladys alihesabu vifaranga, akakuta amepungukiwa na mmoja. Merle alimkuta kesho yake ndani ya buti la mvua, mzima.

Torvald alikua, akachukua nusu ya zizi la baba yake, akamwoa Janelle, wakapata mabinti wawili, Britta na Signe. Alikuwa pia sajini katika jeshi la akiba la jimbo. Mwaka 2006 kikosi chake kilipelekwa Iraki. Kilikuwa kirudi mwisho wa Machi 2007, na Janelle alikuwa ameshaiwekea alama siku hiyo kwenye kalenda ya jikoni. Jumatano tarehe 10 Januari, Rais alitangaza kwamba anaongeza askari vitani. Siku iliyofuata familia ziliarifiwa kwamba kikosi cha Torvald kingebaki huko hadi Julai.

Merle alitoka kwenda kukamua. Ardis aliketi, akamwandikia mbunge wetu wa wakati huo, Mheshimiwa Dwight Fenske, wa chama cha Rais, mtu aliyekulia maili nne kutoka hapa. Alimwomba apinge nyongeza ile Bungeni. Hakujibiwa. Akaandika ya pili, akaletewa karatasi iliyopigwa chapa ikimshukuru kwa maoni yake. Hapo ndipo alipoamua kwamba barua moja haitoshi. Lakini mtu wa posta haruhusiwi kufanya siasa akiwa kazini, na Ardis hakuwa mtu wa kukwepa kanuni. Tarehe 26 Januari alirudisha funguo za posta. Jumatatu iliyofuata alizunguka njia yake ile ile, nyumba kwa nyumba, safari hii mikono mitupu, akimwomba kila mtu amwandikie mbunge kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia mtu cha kuandika. Aliyetaka kuunga mkono vita alimwambia aandike hivyo hivyo, naye ataipeleka.

Baridi ya mwaka ule mnaikumbuka. Wapo waliomkaribisha kahawa, wapo waliomsemesha dirishani bila kufungua. Orrin Pladsen, ambaye mwanawe Brett alikuwa kikosi kimoja na Torvald, alisimama mlangoni akamzuia kuingia.

"Ardis, unawatangazia maadui kwamba watoto wetu wamechoka."

"Wako amechoka, Orrin. Wangu pia. Walikuwa warudi Machi."

"Wakipewa amri wabaki, watabaki. Wewe nani?"

"Mama wa mmoja wao," alisema Ardis, akashuka ngazi.

Kilichomuumiza zaidi kilitoka kwa mwanawe. Gazeti la wilaya lilikuwa limeandika habari zake, na Torvald akamtumia ujumbe kwenye kompyuta. Janelle amekubali tuusome. "Mama, vijana wangu wanasoma magazeti ya nyumbani na wanaliona jina langu la ukoo. Nikiwaambia twende, lazima waamini kwamba safari ina maana. Unanivunjia heshima mbele yao. Tafadhali acha." Ardis aliosha vyombo, kisha akaviosha tena vikiwa safi. Ndipo akajibu: "Nimekuelewa, na sitaacha. Nakupenda. Ng'ombe wako namba arobaini amezaa jike."

Jumamosi tarehe 10 Februari alifika katika ofisi ya mbunge mjini na sanduku la barua mia mbili tisini na moja. Marit alikuwa naye. Mheshimiwa Fenske aliwapokea kwa adabu, akawauliza hali ya Merle na ya zizi, kisha akasema kwamba Rais ndiye mkuu wa majeshi na kwamba si kazi ya mbunge kumpangia vita.

"Mimi nilikupigia kura mara tatu, Dwight," alisema Ardis. "Sikukutuma kule ukamwitikie mtu kwa kichwa."

"Bi Ardis, ukiwaondolea askari imani, mwanao ndiye anayeumia."

"Mwanangu angekuwa nyumbani mwezi ujao. Anayemuumiza ni mimi?"

Mbunge aliahidi kuzisoma barua. Ijumaa iliyofuata, Bunge lilipopigia kura azimio la kuipinga nyongeza, yeye alisimama na Rais. Azimio lilipita hata hivyo, lakini lilikuwa la maneno tu, halikuwa na nguvu ya kumzuia mtu. Askari wakaongezwa. Machi ikapita.

Sajini Torvald Solbakken aliuawa na bomu la barabarani kusini mwa Baghdad, Jumatatu tarehe 21 Mei 2007, akiwa na miaka thelathini na saba. Maofisa wawili waliwakuta Janelle na Ardis bustanini wakipanda viazi. Merle alikuwa zizini, na Ardis mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia. Alisema baadaye kwamba ule mwendo wa kutoka bustanini hadi zizini ulikuwa mrefu kuliko njia yake yote ya posta.

Baada ya mazishi watu walishuka chini ya kanisa hili kula. Mheshimiwa Fenske alikuwepo, amejipanga kwenye mstari wa chakula kama mtu yeyote, sahani mkononi. Ardis alimwendea.

"Ulizisoma?" alimuuliza.

Angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua. "Hapana, Bi Ardis," alisema.

"Basi pole yako sijaipokea. Nenda kazisome, halafu ndipo uje."

Alikuja baada ya wiki tatu, peke yake, na lile sanduku. Aliketi kwenye meza ya jikoni, Merle akamtilia kahawa. Alisema alizisoma zote, na kwamba arobaini na nne zilikuwa za kumuunga mkono Rais, jambo ambalo hakulitegemea kutoka kwa mkono wa Ardis. Iliyomkwamisha ilikuwa ya mzee Elmer Quamme, kwa penseli, mstari mmoja: "Nilikuwa Korea. Waliongeza, halafu wakaongeza tena." Mbunge machozi yalimtoka. Ardis alimsogezea kitambaa cha meza ajifute uso, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Mwezi Julai, muswada wa kuwarudisha askari ulipofika Bungeni, Mheshimiwa Fenske aliuunga mkono, akienda kinyume na chama chake. Muswada ulikwama baadaye na haukuwa sheria. Yeye mwaka uliofuata aliangushwa kwenye kura za mchujo za chama hicho. Ardis alimwandikia barua ya shukrani. Watu walipomwambia Ardis kwamba ameshinda, aliwauliza ameshinda nini. Kikosi kilirudi mwishoni mwa Julai. Brett Pladsen alishuka kwenye basi akaenda moja kwa moja kwa Solbakken kabla hajafika kwao, na Orrin, aliyemfuata na gari, alikaa nje uani kwa muda mrefu kabla ya kubisha hodi. Ardis alimfungulia mlango. Hawakuzungumzia yale ya Januari, siku ile wala siku nyingine.

Sasa ile sehemu ya amri. Vuli iliyopita Ardis alimwita Marit akamwambia alete karatasi. Alisema: "Watu wamezoea kuniambia kwamba mwishoni Tor alinielewa. Wananihurumia. Mimi sijui kama alinielewa. Siku ya Mama alipiga simu, tukaongea dakika kumi na moja. Aliuliza ng'ombe. Akasema mikate ya viazi niliyomtumia ilikauka kama soli ya kiatu na vijana wake wakaila yote. Habari za vita hakuzitaja, na mimi sikuzitaja, nikiogopa atakata. Baada ya siku nane akafa. Usiandike kwamba tulipatana. Andika kwamba alinikasirikia na akapiga simu." Marit ameandika.

Merle alifariki tarehe 2 Novemba 2011. Mwaka 2013 madaktari walimkuta Ardis na ugonjwa wa kutetemeka. Mwandiko wake, ambao nusu ya wilaya iliutambua, ulianza kupungua ukawa mdogo kama sisimizi wanaopita kwenye karatasi, na mwishowe ukakatika. Kuanzia hapo alitamka na Marit akaandika. Aliwaandikia wabunge wa vyama vyote viwili kila waliposikika wakizungumzia kupeleka watoto wa watu mahali. Wengi walimjibu kwa karatasi ya chapa. Alizisoma zote, mstari kwa mstari, akitafuta kama kuna mtu ndani.

Februari mwaka huu mapafu yake yalijaa. Hospitali walitaka kumlaza, akaomba arudishwe nyumbani, na akarudishwa. Siku ya mwisho, alasiri, theluji ilikuwa ikianguka na mkwewe Russ alikuwa nje akiikwangua njiani. Ardis aliusikiliza mlio wa koleo kwa muda. Kisha akamwambia Marit, "Mwambie mtoto wa watu apumzike, itaanguka tena." Marit alitoka kumwambia. Aliporudi, mama yake alikuwa ameshakwenda. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Ameacha binti yake Marit na mkwewe Russ Engebo. Mkamwana wake Janelle. Wajukuu wake Britta, Signe na Anders. Kitukuu mmoja, Tor, mwenye miezi minane. Na dada yake Verlene Tveit. Wamemtangulia wazazi wake, kaka zake watatu, mumewe Merle, na mwanawe Torvald, ambaye leo Ardis analazwa kando ya kaburi lake.

Ee Bwana, mpumzishe mama huyu. Hapa kwetu hakuwahi kupumzika.